Lambo la Kijiji: Maji ya Pamoja katika Historia na Fiqhi



Mkazi wa Makoko, pembezoni mwa mji wa Musoma, ana Ziwa Viktoria karibu yake. Lakini akipanda gari kwenda Butiama, au akielekea vijiji vya ndani vya Bunda, ziwa huachwa nyuma upesi na habari ya maji huwa nyingine. Huko, baina ya mwisho wa masika na kuanza kwa vuli, vijito vingi hukauka, na kinachobaki kwa watu na ng'ombe ni kisima, kama kipo, au lambo. Ni juu ya lambo hili tunapotaka kuzungumza na ndugu zetu maimamu na wanafunzi, kwa sababu maswali yake ya kifiqhi ni mengi kuliko watu wanavyodhania.

Lambo ni bwawa dogo la udongo. Huchaguliwa bonde ambamo maji ya mvua hupita, kisha hujengwa tuta la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, na msingi wake huchimbwa mpaka kwenye udongo usiopitisha maji. Upande wa maji hupangwa mawe, na upande wa nje hupandwa nyasi. Pembeni huachwa utoro, yaani njia ya maji ya ziada, na wajuzi wa kazi hii husema kuwa hapo ndipo penye uhai wa lambo. Utoro ukiwa mdogo, maji hupanda juu ya tuta, na tuta la udongo likishapandwa na maji huliwa kwa muda mfupi sana. Adui mwingine ni mnyama anayechimba shimo ndani ya tuta: maji hufuata shimo lake, hulipanua, na mwisho tuta hufumuka.

Hapa msomaji atakumbuka habari ya watu wa Sabaa katika Qur'ani Tukufu, ambao Allah aliwapelekea mafuriko ya Arim baada ya kukengeuka kwao. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wamenukuu riwaya kwamba panya ndio waliolitoboa bwawa lao. Wapo wanaoicheka riwaya hiyo. Sisi tunasema, aliyewahi kuliona tuta likivuja kupitia shimo la panya hatacheka. Bwawa la Ma'rib nalo lilikuwa tuta la udongo, lenye urefu wa takriban mita 600, likishikwa na milango ya mawe huku na huku. Lilibomoka na kutengenezwa mara nyingi. Katikati ya karne ya 6 Miladia lilitengenezwa na Abraha, huyohuyo wa kisa cha tembo, naye akaacha jiwe lililoandikwa habari za kazi hiyo: makabila yaliyoitwa, maradhi yaliyoisimamisha kazi, unga, tende na wanyama waliotumika kuwalisha watu. Waislamu nao walijenga mabwawa. Karibu na Taif lipo bwawa la mawe lililojengwa kwa amri ya Muawiya mwaka 58 Hijria, na wanafunzi wa khati hulitaja sana kwa kuwa baadhi ya herufi katika maandishi yake zimetiwa nukta.

Tukirudi kwetu, malambo mengi ya Kanda ya Ziwa ni matunda ya karne ya 20. Serikali ya Kiingereza, kupitia mradi wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, ilijenga mabwawa kwa jirani zetu ili ng'ombe watawanyike na ardhi ipumzike. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, maji yalihesabiwa kuwa haki ya mwananchi. Mwaka 1971 ulitangazwa mpango wa miaka 20, kwamba kufikia mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake. Mwaka 1991 ulifika, na lengo halikufikiwa. Sera za maji zilizofuata, ya mwaka 1991 na ya mwaka 2002, ziliwataka watumiaji wachangie gharama, na mwaka 2019 ikaundwa RUWASA kushughulikia maji ya vijijini. Hivyo katika umri wa mzee mmoja, maji yalitoka kuwa zawadi ya serikali yakawa kitu cha kuchangia. Ndipo swali linapoletwa msikitini: je, ni halali kumtoza mtu fedha kwa maji ya mvua?

Asili ya jambo ni Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Ibn Majah, kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Wanavyuoni wakapambanua. Maji yakiwa mahali pake, mtoni au ziwani, hayana mwenyewe. Mtu akishayateka katika chombo chake huwa mali yake. Ama kisima, Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria) amevigawa visima mafungu matatu: kilichochimbwa kwa ajili ya wapitao wote, hicho mchimbaji ni sawa na mtu mwingine yeyote, kilichochimbwa ili mtu anufaike muda akiwepo hapo, huyo hutangulizwa hadi aondoke, na kile mtu alichojichimbia ili akimiliki. Hata katika fungu hili la tatu, kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu ya Shafii, kama alivyoithibitisha Imam Nawawi katika Minhaj, ni kuwa maji yanayomzidi ni wajibu ayaache kwa mifugo ya wengine, ingawa si wajibu kwa mimea yao.

Lambo la kijiji linaingia fungu la kwanza bila shaka. Kwa hiyo hakuna wa kuyauza maji yake yakiwa humo. Lakini mlinzi wa lambo, mafuta ya pampu na ukarabati wa mbauti ng'ombe wanyweapo, hivyo ni huduma, na huduma ina ujira. Mchango ukiwa kwa hayo hauna ubaya. Ukigeuka kuwa bei ya maji yenyewe, na asiye nacho akarudishwa na ndoo tupu, hapo ndipo dhuluma ilipo. Wala haulizwi mtu dini yake. Mkoa wa Mara una watu wa imani mbalimbali, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kumnywesha kila chenye uhai kuna ujira, hata mbwa mwenye kiu.

Swali la pili huja mwezi wa Septemba, lambo linapobaki dimbwi. Imamu anayatazama maji mekundu yaliyokanyagwa na ng'ombe, naye anataka kutawadha. Tope halidhuru, hata likibadilisha rangi, kwa kuwa maji hayawezi kuepushwa na udongo wa mahali pake. Vivyo hivyo ukoga, na harufu inayotokana na kukaa muda mrefu. Ama kinyesi cha ng'ombe, kwa Imam Shafii ni najisi, na kwa Imam Malik na Imam Ahmad ni tohara. Kwa kauli yetu, maji yakifika qullatain, takriban lita 200, hayanajisiki ila yakibadilika kwa hiyo najisi rangi, ladha au harufu. Ukishuku kama harufu ni ya kinyesi au ya kukaa, asili ni tohara. Na yakiwa machache kiasi kwamba yanahitajiwa kwa kiu ya watu au wanyama wao, wudhu huachwa na watu wakatayamamu. Kiu ya ng'ombe inatangulia. Tumeona wenye kuona uzito hapa, lakini mafakihi walilimaliza zamani.

Lipo katazo lingine ambalo laiti lingebandikwa kwenye kila tuta: kukojoa katika maji yaliyotuama. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa njia hiyohiyo, huanguliwa majini, vijidudu vyake huingia kwa konokono, kisha humwingia mtoto kupitia ngozi anapooga. Wanafunzi wa madrasa walifahamu katazo kabla ya kumfahamu konokono.

Kuhusu mpaka wa maji, yaani harimu, Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj ametaja dhiraa 40 kwa kisima cha kunyweshea ngamia na dhiraa 60 kwa kile kinachotekwa kwa mnyama wa kumwagilia. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka mita 60. Namba zimegongana kwa bahati tu, lakini sababu zinakaribiana: anayelima ukingoni huufungulia udongo njia ya kuingia lamboni, na lambo likijaa tope hufa tuta likiwa zima.

Je, lambo linaweza kufanywa wakfu? Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma na kukiweka wakfu, ndoo yake ikawa pamoja na ndoo za Waislamu wengine. Lakini yeye alikimiliki kwanza. Kwetu ardhi ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na kisichomilikiwa hakiwekwi wakfu. Tunaloliona ni kurejea kauli ya Minhaj kuwa jengo lililo katika ardhi ya kukodi laweza kuwekwa wakfu. Basi Muislamu aweke wakfu mbauti, pampu au mabomba aliyoyanunua, ardhi ikabaki ilivyo.

Mwisho ni kuzoa tope. Imam Abu Hanifa na wanafunzi wake wawili walikhitilafiana juu ya gharama ya kusafisha mfereji wa washirika: yeye alisema mwenye shamba la juu huondokewa na gharama kazi ikishapita shamba lake, wao wakasema wote wachangie mwanzo hadi mwisho, kwa kadiri ya mafungu yao. Lambo halina wa juu wala wa chini, kwa hiyo kauli ya wanafunzi ndiyo inayoafiki. Na fungu la mtu lamboni ni kiasi anachochota. Mjane mwenye ndoo mbili asipangiwe mchango sawa na mwenye ng'ombe mia.