Pole, Radhi na Fidia: Lugha ya Huzuni na Lugha ya Hatia katika Wilaya za Ngara na Biharamulo baada ya 1994

Tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa takribani saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera na kuingia wilaya ya Ngara. Walipiga kambi Benaco, na baadaye wengine wakapelekwa Lumasi, Musuhura na kwingineko. Kabla ya mwaka kwisha, wakimbizi wilayani humo walikuwa wamewazidi wenyeji kwa idadi. Historia ya tukio hilo imeandikwa zaidi kwa hesabu za mahindi, maji na mahema. Makala hii inafuata njia nyembamba zaidi: maneno ambayo kwayo watu hushiriki huzuni ya wengine, na yale ambayo kwayo hukiri kosa.

Katika Kiswahili njia hizo mbili hazichanganyiki. Neno "pole", lenye undugu na upole na kupoa, huambiwa mgonjwa, mfiwa, msafiri, aliyechoka kwa kazi na hata aliyejikwaa njiani. Anayelitamka hakiri lolote. Anayelipokea hujibu "asante" au "nimeshapoa", na shauri huishia hapo. "Samahani" na "niwie radhi", zote zenye asili ya Kiarabu, ni maneno ya mtu mwenye deni (ingawa samahani imepungua uzito, hata mtu huitumia akiuliza njia ya kwenda sokoni). Kiingereza kimeyaweka yote mawili katika neno moja, "sorry", ambalo asili yake ni maumivu wala si hatia. Ndiyo maana Mtanzania anayezungumza Kiingereza humwambia "sorry" mtu aliyeanguka mwenyewe, na Mwingereza hushangaa, kwani hakuna aliyemsukuma. Kinyarwanda na Kirundi, ambazo Kihangaza cha Ngara kinakaribiana nazo sana, zinasimama upande wa Kiswahili: mfiwa huambiwa "ihangane", yaani avumilie, ilhali msamaha huombwa kwa "imbabazi", yaani huruma.

Ubora wa pole ni kwamba haiulizi nani alikosa. Huko Benaco ubora huo uligeuka kuwa tatizo. Wengi wa waliovuka Rusumo siku ile walikuwa Wahutu waliokuwa wakikimbia majeshi ya RPF. Kati yao walikuwamo wakulima wasio na hatia, na walikuwamo walioua. Wakati huohuo maiti zilikuwa zikielea katika Kagera kuelekea Ziwa Viktoria. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa komyuni ya Murambi, aliishi katika kambi hiyo. Watumishi wa misaada walipojaribu kumwondoa mwezi Juni 1994, umati wa wafuasi wake ulizuka ghasia. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Pole iliyotolewa kambini kwa wote kwa pamoja ilimfikia hata yeye. Isingaliwezekana kuwa vinginevyo, kwa sababu desturi ya pole hutangulia uchunguzi; lakini mwanahistoria anayeisifu desturi hiyo kwa ukarimu wake hana budi kuieleza gharama hiyo pia.

Wenyeji nao walipata hasara yao. Miti ilikatwa kwa kuni na kwa vibanda kwa maili nyingi kuzunguka kambi, mashamba yakavunwa usiku, wanyama wa mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo wakawindwa kwa kitoweo. Wapo pia waliopata faida, kwa biashara na kwa ajira katika mashirika. Miradi iliyofuata ya shule, barabara, visima na zahanati kwa maeneo yaliyoathirika ilifadhiliwa kwa lugha ya Kiingereza ya "msaada". Kwa Kiswahili swali ni gumu zaidi. Kinachotolewa kwa aliyepatwa na msiba huitwa mkono wa pole: mtoaji hutoa kadiri ya uwezo wake, na mpokeaji hahesabu. Kinachotolewa na mwenye kosa ni fidia, nayo hupimwa kwa kilichopotea. Kisima kimoja chaweza kuwa hiki au kile. Mtoaji anayekiita msaada hujiepusha na hukumu zote mbili, na mwenye shamba lililovunwa hubaki bila wa kumdai.

Tarehe 5 Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilitoa tangazo la pamoja kwamba wakimbizi wa Rwanda wanatarajiwa kuwa wamerejea kwao ifikapo tarehe 31 mwezi huohuo. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi. Askari waliwarudisha kuelekea Rusumo.

Tarehe 25 Machi 1998 Rais Bill Clinton wa Marekani alihutubia Kigali bila kutoka katika eneo la uwanja wa ndege. Alisema kwamba jumuiya ya kimataifa ina sehemu yake ya lawama, kwamba haikuchukua hatua mapema, na kwamba kambi za wakimbizi hazikupaswa kuachwa ziwe maficho ya wauaji. Sentensi hiyo ya mwisho ilihusu Benaco kama ilivyohusu Goma. Hotuba hukumbukwa kuwa ni ya kuomba radhi, ingawa kitenzi cha kuomba radhi hakimo: kuna kukiri na kuna majuto. Anayeiripoti kwa Kiswahili hana neno la katikati. Ama aandike kwamba Clinton alitoa pole, na hivyo kumwondolea deni, ama aandike kwamba aliomba radhi, na hivyo kumpa tamko ambalo hakulitoa. Miaka miwili baadaye, mwezi Aprili 2000, Waziri Mkuu wa Ubelgiji Guy Verhofstadt aliomba msamaha Kigali waziwazi, kwa Kifaransa na kwa jina la nchi yake. Kwa maneno yake mtafsiri hakuwa na la kuchagua.