Gadi wa Reli na Wasomaji Wake 10,000

Kuna swali sisi vijana tunaoandika huulizana kila siku: utapataje watu wa kukusoma na hakuna anayekujua? Majibu yenyewe ni yale yale. Nunua wafuasi. Posti saa moja jioni watu wakiwa kwa matatu. Anzisha vita na mtu maarufu. Leo tuwaache hao walimu wa mtandaoni kidogo, twende kwa msee mmoja aliyeanza bila jina, bila kampuni na bila bando, hapa hapa Nairobi, mwaka wa 1945.

Anaitwa Henry Muoria. Shuleni nilikariri majina ya wale sita wa Kapenguria hadi nikaweza kuyaimba, lakini jina la Muoria sikulisikia darasani hata siku moja. Alizaliwa Kabete mwaka wa 1914, akaajiriwa reli, akawa gadi wa treni. Kazi ya heshima hiyo, kwa Mwafrika wa wakati ule. Akiwa huko akasomea uandishi wa habari kwa njia ya posta, masomo yakitoka London. Yaani bahasha inapanda meli, inarudi na meli, na wewe unangoja. Mwaka wa 1945 akatoa kijitabu kwa Kikuyu, kichwa chake kikiuliza tufanyeje sisi watu wetu. Mwaka huo huo akaanzisha gazeti lake na kuiacha reli. Akaliita Mumenyereri, maana yake mlinzi.

Sasa angalia alikuwa anashindana na nani. East African Standard lilikuwa gazeti la walowezi, lina mitambo, lina matangazo. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeanzisha Baraza mwaka wa 1939, kwa Kiswahili, likilenga msomaji Mwafrika. Mtu wa hesabu angemwambia Muoria aandike Kiswahili pia, soko ni kubwa. Yeye akaandika Kikuyu. Mimi kwetu si Kikuyu, na najua kuna atakayesema hilo ni gazeti la kabila tu, tunalisifia nini? Lakini nadhani alijua kitu ambacho wengi wetu hatutaki kukikubali, kwamba ukiandikia kila mtu hakuna anayeona umemwandikia yeye. Alitaka kuongea na mzazi wa Kiambu aliyekuwa akiwaza shamba na karo, kwa lugha ambayo mzazi huyo anagombana nayo nyumbani.

Halafu hao wasomaji hawakuota kama uyoga. Hapa ndipo naona hadithi za "alianza na sifuri" huwa zinatudanganya. Mwaka wa 1928 Kikuyu Central Association ilikuwa imeanzisha Muigwithania, mhariri akiwa Jomo Kenyatta, wakati huo akijiita Johnstone. Mwaka uliofuata ukaja mgogoro mkubwa na wamishonari kuhusu tohara ya wasichana, watu wakatoka makanisani, wakajenga shule zao wenyewe, zile za KISA na za Karing'a. Wazazi walichanga pesa, wakabeba mawe na mbao. Kufika 1945, watoto wa shule hizo walikuwa watu wazima wanaojua kusoma, na wenye hasira kiasi. Muoria alikuta shamba limelimwa. Ila yeye ndiye aliyepanda, na wengi walipita hapo bila kupanda chochote.

Alianza kwa gazeti la kila mwezi. Likawa la kila wiki. Baadaye likawa linatoka mara mbili kwa wiki, na kufika mapema miaka ya 1950 lilikuwa likiuza karibu nakala 10,000. Na nakala moja haikuwa msomaji mmoja. Magazeti ya siku hizo yalisomwa kwa sauti, mmoja anasoma, waliomzunguka wanasikiliza, wanabisha, halafu gazeti linaenda kwa jirani. Hiyo ndiyo kushea yenyewe, na haikuhitaji mtu aombwe.

Lakini watu walikuwa wanafuata nini humo? Barua zao wenyewe, kwanza. Matangazo ya mikutano. Habari za kijijini ambazo Standard haingegusa. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza Septemba 1946, baada ya miaka karibu 15, Muoria aliandika juu ya mapokezi yake na kuyatoa kama kijitabu. Kenyatta alipokuwa rais wa KAU mwaka wa 1947, ambaye hakufika mkutanoni aliweza kusoma maneno yake kwa Mumenyereri. Kwa hiyo kulikosa gazeti kulikuwa kama kukosa mkutano wenyewe.

Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa ameonyesha njia mapema zaidi: Sahifa mwaka wa 1930, kisha Al-Islah mwaka wa 1932. Yeye hakuwabembeleza wasomaji hata kidogo. Aliwasema Waislamu wenzake wa pwani kuhusu kupuuza elimu na kuiga mambo ya Wazungu bila kufikiri, na makala hayo baadaye yakakusanywa kuwa kitabu, Uwongozi. Watu wa kule wanajua, huyu ni babake Profesa Ali Mazrui. Anastahili makala yake peke yake.

Kuna upande ambao walimu wa wafuasi hawautaji. Ukishapata watu, kuna mwingine pia anaanza kukusoma. Wachapaji Wahindi wa Nairobi waliosaidia magazeti ya Waafrika waliujua vizuri. Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye Colonial Times na Habari za Dunia, alifungwa kwa uchochezi. Sisi tuliokuwa na simu mkononi Juni 2024 hatuhitaji kuelezewa sana jambo hili. Kuna watu walioandika wakiwa na wafuasi mia mbili wakaachwa, na wakaandika maneno yale yale wakiwa na wafuasi laki mbili wakatafutwa.

Muoria alisafiri kwenda London mwaka wa 1952. Tarehe 20 Oktoba, Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Kenyatta akakamatwa, magazeti ya Waafrika yakafungwa, Mumenyereri likiwemo. Aliyekuwa ng'ambo akabaki huko huko. Wasomaji 10,000, mara mbili kwa wiki, na hakupata hata toleo moja la kuwaaga.

Huko alirudia kazi aliyoijua, gadi wa treni, safari hii zile za chini ya ardhi za London. Nje ya kazi aliendelea kuandika, kurasa kwa kurasa, bila gazeti na bila mtu wa kumwandikia barua kumwambia amekosea. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa Nairobi mwaka wa 1994, miaka 42 tangu gazeti lifungwe. Alifariki 1997.

Waliokuwa wakimsoma wakiwa na miaka ishirini walikuwa wazee wa sitini na kitu kitabu hicho kilipofika madukani. Kama una shosho au guka wa umri huo, muulize kama analikumbuka jina Mumenyereri, na nani alikuwa anawasomea.