Unalibana au Unalipiga?

Mtu akiniuliza jiwe fulani lina nguvu kiasi gani, nami humuuliza: unalibana au unalipiga? Sichezi na maneno. Chukua kipande cha graniti, ukibane kwenye mashine polepole kwa dakika kadhaa. Tuseme kimepasuka kwenye megapaskali 150. Chukua pacha wake, umpige ghafla. Huenda akastahimili mara moja na nusu ya hapo, pengine hata mara mbili, kabla ya kusambaratika. Mwamba ni ule ule.

Ndiyo maana kauli "nguvu ya jiwe" hunikera. Nguvu ni ya anayetenda. Ng'ombe wa plau ana nguvu, nyundo ina nguvu, jiwe limekaa tu. Wengine huandika "ugumu", lakini kioo ni kigumu mno, hukikwaruzi kwa ukucha, na bado kikiponyoka mkononi utaokota vigae. Mimi nimechagua uhimilivu. Kuhimili na hamali ni maneno ya shina moja la Kiarabu, la kubeba. Hamali akitwikwa gunia taratibu huondoka nalo. Gunia hilo hilo likidondoshwa ghafla mabegani mwake, atapiga magoti. Jiwe ni hamali wa ajabu: likishtukizwa ndipo hubeba zaidi.

Na hicho kinachobebwa tukiiteje? "Upakiaji" wa kamusi unaniletea picha ya lori la mchanga. Nilikipenda kishindo, nikakiacha, maana kishindo ni kile kinachobaki sikioni. Dharuba, nayo ya Kiarabu, ni pigo lenyewe, na waliowahi kukumbwa na dharuba baharini hawahitaji kuelezwa kwamba haipigi hodi.

Kuhusu chombo cha kupimia sina ugomvi. John Hopkinson aliandika mwaka 1872 juu ya nyaya za chuma zinazokatwa kwa uzani unaodondoshwa. Mwanawe Bertram, mwaka 1914, alitumia fimbo ya chuma kupima mgandamizo wa milipuko na risasi. Mwaka 1949 Herbert Kolsky aliikata fimbo vipande viwili, akabana sampuli katikati. Fimbo ya kwanza hugongwa kwenye ncha. Wimbi hukimbia ndani yake hadi kwenye jiwe, sehemu yake hurudi, sehemu hupenya hadi fimbo ya pili, na mawimbi hayo ndiyo yanayosomwa. Fundi wa ujenzi angeziita nondo. Fimbo inanitosha, kwani kwa Mswahili fimbo ni ya kuchapia.

Mashine ya kubana hulifinya jiwe kwa sehemu moja kati ya 100,000 ya urefu wake kila sekunde. Kwenye fimbo, kasi ya kufinyika huweza kufika 100 kwa sekunde: yaani pigo lingedumu sekunde nzima, jiwe lingefupika mara mia ya urefu wake! Hesabu ya kichaa, ila pigo huisha kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijapita.

Katika muda huo ndimo siri ilimo. Jiwe limejaa nyufa ndogo zisizoonekana. Likibanwa taratibu, ufa dhaifu kuliko zote hukua, hukutana na jirani zake, kazi ikaisha kwa vipande vichache. Likipigwa, ufa huo haupati muda wa kufika mbali. Mzigo unazidi kupanda, na nyufa nyingine nyingi zinaamka kwa pamoja. Kinachobaki ni kokoto na vumbi.

Lakini kuna kinachonikosesha raha. Sehemu ya ongezeko lile si uhimilivu hata kidogo. Ni maada ya jiwe kukataa tu kusogea ghafla, jambo ambalo hata rundo la mchanga hulifanya. Huo ni ukaidi, na kipimo hakijui kuutenga na uhimilivu. Huleta namba moja tu. Kwa hiyo katika daftari langu nimeandika kwa wino "uhimilivu wa dharuba", na pembeni, kwa penseli, "toa ukaidi".