ENZI ZA KAFE SONGEA: Umeme Ukikatika, Barua Yako Imekwenda

Wadau, kabla ya bando la wiki na kabla ya kuombana hotspoti, kulikuwa na benchi. Benchi la mbao nje ya chumba kimoja chenye kompyuta nne au tano, Songea mjini, watu wamekaa wanasubiri zamu kama wako hospitali. Nje baridi ya Juni inakata, ndani mashine zinavuma, na pale kaunta kuna kijana mwenye daftari la kuandika nani kaingia saa ngapi. Ukitaka kujua watu wa kawaida walizionaje programu na intaneti zilipoingia mkoani, usianze na maofisa wala makampuni. Anza na lile benchi.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu wa Wizara ya Fedha kuleta hasara na vurugu. Marufuku ikaja kulegezwa taratibu, na ni miaka ya 1990 ndipo mashine zilianza kuonekana kwa wingi. Kwa hiyo kijana wa Mfaranyaki au Lizaboni aliyekaa mbele ya Windows 98 mwanzoni mwa miaka ya 2000, mara nyingi hakuwa na mzazi wala mwalimu aliyewahi kuigusa. Mwalimu wake akawa yule wa kaunta.

Na hapo ndipo maoni yalipoanza. Watu hawakuwa wanajadili programu kwa maneno makubwa. Walikuwa na maswali matatu tu: Inakula dakika ngapi? Umeme ukikatika inabaki? Na nani mwingine ataona?

Umeme kwanza. Songea haikuwa kwenye gridi ya taifa mpaka mwaka 2018, laini kubwa ya kutoka Makambako ilipowashwa. Miaka mingi ya kafe, mji ulitegemea sana jenereta za dizeli, na mgao ulikuwa jambo la kawaida. Ebu vuta picha: dada anaandika barua ya kuomba kazi, yuko aya ya mwisho, halafu giza. Word ilikuwa na utaratibu wa kujiwekea akiba kila baada ya dakika 10, lakini dakika 10 kwa mtu anayedonoa herufi moja moja ni nusu ya barua. Tena umeme ukirudi, huenda kwenye kiti ameshakaa mtu mwingine. Ndiyo maana wazoefu walikuja na karatasi. Barua inaandikwa kwanza kwa peni, inasahihishwa nyumbani, kafe unakwenda kunakili tu. Wajuaji waliwacheka, lakini wao ndio waliotoka na barua iliyokamilika.

Pili, spidi. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ya Tanzania ilitegemea sana setilaiti. Setilaiti za aina hiyo zinakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukibonyeza, ombi lako linapanda huko, linashuka upande wa pili, jibu nalo linapanda na kushuka. Hiyo peke yake ni kama nusu sekunde kabla ukurasa haujaanza hata kufunguka. Weka na foleni ya mashine tano zinazogawana dishi moja, utaelewa kwa nini mtu alilipia nusu saa akasoma barua mbili.

Kwa hiyo benchi likatoa hukumu yake: ukurasa wenye mapicha mengi ni mwizi. Watu wakafundishana kuzima picha kwenye kivinjari. Na Opera Mini ilipotoka duniani kote Januari 2006, haikuhitaji tangazo. Ilikuwa inapitisha kurasa kwenye seva zake, inazibana, halafu inazituma kwenye simu zikiwa ndogo sana. Simu ya batani yenye Java ilitosha. Waliosifia Opera Mini hawakuisifia kwa urembo. Waliisifia kwa sababu vocha ilikaa.

Tatu, virusi. Hapa ndipo watu walipishana sana. Wapo walioamini virusi vinatoka kwenye intaneti tu, kwa hiyo mashine isiyo na intaneti ni salama. Kumbe njia kuu ilikuwa mfukoni. Windows za wakati ule zilikuwa tayari kuendesha zenyewe kile kilichomo ukichomeka tu, na flashi moja ilitoka shuleni, ikaenda steshenari, ikaenda kafe, ikarudi ofisini siku hiyohiyo. Microsoft ilikuja kuizima tabia hiyo kwa flashi kwenye XP kupitia masahihisho ya Februari 2011. Lakini masahihisho yanashuka kwa intaneti, na mashine nyingi zilikuwa na Windows ya CD ya kuchoma iliyopanda basi kutoka Dar, siku nzima barabarani. Kizuia virusi nacho bila kusasishwa ni mlinzi aliyelala. Kwa hiyo yule mzee aliyekataa katakata flashi ya mtu kwenye mashine yake, akaonekana ana roho mbaya? Alikuwa sahihi kuliko wengi.

Halafu lugha. Desemba 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi ya mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden. Bure, na kwa lugha ya nyumbani. Ungedhani ingeshika mtaa mzima. Haikushika hivyo, na sababu haikuwa dharau kwa Kiswahili. Mtu alikuwa ameshalipa ada ya kozi ya kompyuta inayofundisha Word kwa Kiingereza, tangazo la kazi linataka hiyohiyo, na menyu ameshazikariri kwa mahali zilipo, si kwa maana yake. Ukibadilisha maneno, umemrudisha darasa la kwanza. Hata wataalamu walipoleta "tarakilishi" na "ngamizi", mtaa ukabaki na kompyuta, maisha yakaendelea.

Sasa lile swali la mwisho, la nani mwingine ataona. Hili ndilo lilikuwa zito.

Programu nyingi zilitengenezwa zikidhani kila mtu ana mashine yake. Kivinjari kinauliza kama kikumbuke neno la siri, mtu anabonyeza ndiyo kwa sababu ndiyo iko karibu, anaondoka. Anayefuata anafungua, anakuta barua za mtu. Songea hali ilikuwa mashine moja, mtaa mzima. Na wengi hata hawakufungua imeili wenyewe. Kijana wa kaunta ndiye aliyewafungulia, akachagua neno la siri, akaliandika kwenye daftari ili mteja akisahau amkumbushe. Hakuwa tapeli. Ndiye alikuwa huduma kwa wateja, fundi na mwalimu kwa pamoja.

Kwa salamu za shangazi aliye Dar, hilo halikuwa na noma. Lakini mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu yalihamia kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni chini ya TCU, na maombi ya mkopo nayo yakafuata njia ya mtandao. Ghafla ile imeili ya kufunguliwa ikawa mlango wa chuo. Mtoto wa mkulima wa mahindi anatoka kijijini na matokeo yake ya kidato cha sita, anakaa kwenye benchi, anajaziwa fomu, anarudi nyumbani. Kila kitu cha maisha yake kiko kwenye daftari la mtu. Kijana wa kaunta akihama, kafe ikifungwa, au namba ya simu iliyowekwa ikiwa si yake, mlango umejifunga na ufunguo hajawahi kuushika.

Watu wa benchi waliliona hilo mapema. "Neno la siri lenye watu wawili si la siri," ndivyo hoja yao ilivyokuwa, na waliofuata ushauri walijifunza kulibadilisha wenyewe hata kama ilichukua dakika 10 za kulipia.

Leo kafe zimepungua, simu iko mfukoni. Lakini ebu angalia: mama yako nani alimfungulia akaunti? Namba ya kurudishia ni ya nani? Kwenye familia nyingi kijana wa kaunta sasa ni wewe. Daftari unalo wewe.

Kama ulikalia lile benchi, tupia hapo chini: imeili yako ya kwanza bado unaweza kuifungua?