Kilichobeba Giaboksi

Historia ya kubadilisha injini za magari ya spoti imeandikwa na watu waliofungua boneti. Wanatuhesabia silinda, lita na nguvu farasi, kisha wanatutajia nani alishinda mbio zipi. Mimi kazi yangu iko upande wa pili, mgongo sakafuni, uso ukitazama matumbo ya gari. Kwa miaka niliyofanya kazi katika gereji za pembezoni mwa Birmingham, nimeona kwamba gari lililobadilishwa injini hupona au hufa kwa kipande kimoja cha chuma ambacho mwenye gari kwa kawaida hakijui: krosimemba ya giaboksi. Ni ule upau unaokatiza chini ya gari, bolti huku na bolti kule, ukibeba mkia wa giaboksi juu ya kipande cha mpira.

Nimelelewa Mombasa kwenye gereji ya mjomba, ambako injini ya gari moja kuingia kwenye jingine haikuwa habari ya kuitana. Land Rover ikichoka injini yake ya petroli ilitiwa dizeli ya Kijapani, safari ikaendelea. Mjomba alikuwa akisema injini yoyote inaingia popote, kazi ni kuitoa tena. Nilidhani ni mzaha wa wazee wa gereji.

Zamani swali la krosimemba halikuwa gumu, kwa kuwa injini ilikazwa chuma kwa chuma kwenye chasisi na abiria wakavumilia mtetemo. Mambo yalibadilika mwaka 1931, Chrysler walipotoa Plymouth yenye mfumo waliouita Floating Power. Injini ya silinda nne ilishikwa sehemu mbili zenye mpira: moja juu mbele, chini ya pampu ya maji, nyingine chini nyuma, kwenye mkia wa giaboksi. Mstari unaounganisha sehemu hizo ulipita katika kitovu cha uzito wa injini, hivyo injini ikawa inajitikisa yenyewe bila kulitikisa gari. Citroën walinunua haki ya mfumo huo, na mwaka 1932 wakautangaza Ufaransa kwa picha ya bata maji anayeelea. Tangu hapo chuma cha nyuma hakikuwa tena cha kuegemezea tu. Kikawa na kazi ya kuizuia injini isijipinde dereva anapokanyaga mafuta, na wakati huohuo kuiachia nafasi ya kucheza.

Baada ya vita vya pili vya dunia, ndoa za injini ya Marekani na bodi ya Kiingereza zikashamiri. Sydney Allard wa London aliwauzia Wamarekani gari lake la J2 bila injini, kila mnunuzi ajitilie V8 aliyoipenda. Yeye mwenyewe na Tom Cole walimaliza wa tatu Le Mans mwaka 1950 kwa injini ya Cadillac, huku gia za chini zikiwa zimeshawatupa mkono. Huko Pennsylvania, George Hurst, anayekumbukwa leo kwa vyuma vya kubadilishia gia, alianza biashara mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuuza mauntingi, yaani vishikizo vya injini, kwa watu wanaohamisha injini. Hilo linaniambia mengi kuliko vikombe vya mbio: palikuwa na soko la kutosha la watu waliokuwa na injini, waliokuwa na gari, lakini wasiokuwa na cha kuviunganishia.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Sunbeam Tiger, na si kwa sababu kiwanda cha Jensen kilichoiunda kilikuwa hapa jirani, West Bromwich. Ian Garrad alikuwa mtu wa mauzo wa kampuni ya Rootes huko California, naye alichoka kuona Sunbeam Alpine, gari zuri kwa macho, likipitwa na kila kitu barabarani. Akamtuma mtu wake wa huduma, Walter McKenzie, azunguke kwa wauza magari akipima V8 za Kimarekani kwa rula ya mbao. Iliyoelekea kuenea ilikuwa ya Ford, inchi za ujazo 260, yaani lita 4.3. Baada ya hapo kazi ikagawanywa. Ken Miles, fundi na dereva wa mbio, alipewa dola 800, gari moja na muda mfupi, akatengeneza la kuonyesha tu kwamba inawezekana, lenye giaboksi ya otomatiki ya gia mbili. Carroll Shelby, ambaye mwaka 1962 alishatia V8 ya Ford kwenye gari la Kiingereza la AC na kuzaa Cobra, alilipwa dola 10,000 kutengeneza lililo sawasawa, la gia nne za mkono.

Hapa ndipo ninapowaonea wivu mafundi wa Shelby. Alpine chini yake ina vyuma vilivyopishana kama herufi X, na giaboksi lazima ipite katikati ya X hiyo. Huwezi kuishusha upendavyo wala kuipandisha upendavyo. Injini ilisukumwa nyuma kadiri ilivyowezekana ili uzito usilalie matairi ya mbele, stelingi boksi ikaondolewa ikaja stelingi raki, na kila sentimita iliyopatikana mbele ilidaiwa nyuma, kwenye ukuta wa injini na kwenye handaki la giaboksi. Plagi ya mwisho upande wa kushoto ilibanwa kiasi kwamba ilibidi kutoboa tundu ukutani ili fundi aifikie akiwa ndani ya gari.

Lord Rootes, aliyekuwa amefichwa mradi wenyewe, aliliendesha gari hilo mwaka 1963 na akaagiza kwa Henry Ford wa Pili injini 3,000. Jensen wakaanza kuliunda mwaka 1964, sasa likiitwa Tiger. Bodi zilifika zimeshapigwa rangi, na injini ilikuwa bado haiingii vizuri, kwa hiyo wakawa wanalainisha sehemu ya ukuta wa injini kwa nyundo kubwa. Gari jipya, rangi inang'aa, linapigwa nyundo! Watu husimulia hilo kwa kucheka. Mimi naliona ni uungwana: walipiga bati lisilobeba kitu, hawakugusa mahali ambapo giaboksi inalala. Kilichoiua Tiger mwaka 1967 hakikuwa chuma. Chrysler walikuwa wamekwisha kuitia Rootes mfukoni, na V8 yao ndogo ilikuwa na distribyuta kwa nyuma, palepale kwenye ukuta, wakati ya Ford iko mbele. Haikuingia.

MGB, gari la spoti la MG, ni hadithi nyingine, tena ya huzuni kidogo. Ken Costello alianza mwenyewe kutia V8 ya Rover kwenye MGB karibu na mwaka 1970. Injini hiyo ya alumini ilikuwa ya Buick, Rover wakainunulia haki mwaka 1965, na uzito wake haukutofautiana sana na injini ya chuma ya MGB. British Leyland, waliokuwa wenye MG, waliitazama kazi ya Costello, kisha wakatoa ya kwao, MGB GT V8, mwaka 1973. Walitengeneza 2,591 tu hadi 1976. Kwa hiyo V8 nyingi za MG unazokutana nazo leo zimeundwa gereji, na nyingi zimefungwa giaboksi ya gia tano iitwayo LT77, iliyokuja na Rover SD1 mwaka 1976. Wenzangu wa nyumbani wanaijua: ndugu yake alikuwa chini ya Land Rover 110 za dizeli zilizojaa Kenya na Tanzania, ingawa ile ina mkia tofauti kwa ajili ya giaboksi ndogo ya magurudumu manne. Namba 77 ni milimita kati ya shafti zake mbili.

LT77 ikiingia kwenye MGB, mahali pake pa kushikiwa hapakutani na krosimemba ya kiwandani. Basi unaunda. Naiweka injini kwenye mauntingi zake bila kukaza, mkia wa giaboksi juu ya jeki na kipande cha mbao. Napima pembe ya mkia, napima pembe ya difu, napandisha jeki kidogo kidogo hadi zilingane. Propela, shafti inayoziunganisha, ikiwa kwenye pembe, jointi yake huharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko. Jointi ya pili hufuta kosa la kwanza pale tu pembe zinapolingana. Zisipolingana utasikia mlio kwenye kiti ukifika mwendo wa barabara kuu, na mteja ataapa ni matairi. Pembe ikikubali, nakata umbo kwa katoni, naona ekzosi itapita wapi, ndipo nagusa chuma. Matundu ya bolti nayafanya marefu kwenda mbele na nyuma. Bolti zinakazwa mwisho, gari likiwa chini juu ya matairi yake, mpira ukiwa umeshajua uzito wake.

Na hapo ndipo mzaha wa mjomba ulipopoteza mzaha. Huwa naletewa magari ambayo mtu aliichomelea krosimemba moja kwa moja kwenye chasisi. Kwa macho ni imara, na kweli ni imara. Klachi ikiisha, giaboksi haishuki, na kwenye MGB injini na giaboksi hutoka vizuri zaidi zikiwa kitu kimoja. Inabidi nichukue grainda. Siku hizi krosimemba zilizokwisha kuundwa zinauzwa kwa posta, zimepakwa rangi nyeusi na bolti zake kwenye mfuko, na sizikatai. Nazipima tu kabla ya kuzifunga, kwa kuwa aliyeziunda alipima gari lake, na MGB mbili zilizotoka kiwandani Abingdon wiki moja, baada ya nusu karne ya kutu na kugongwa, hazina tena vipimo sawa.