Ma-DJ, panga muziki wako kabla haujakuaibisha

Mimi ni DJ wa maharusi hapa Dar. Siku moja maharusi wako mlangoni, wanasubiri wimbo wao, hadi diski yangu ikagoma. Jasho lilinitoka jamani! MC ndiye aliyeniokoa, wimbo alikuwa nao kwenye simu. Tangu siku ile nafuata haya:

1. Nakala tatu. Moja kwenye laptopu, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu inakaa kwa dada yangu. Laptopu na diski zikiwa begi moja, mwizi anabeba vyote.

2. Ubora. MP3 ya 320 kbps inakula kama MB 2.4 kwa dakika, ya 128 haifiki MB 1. Kwenye spika kubwa tofauti inasikika. Na ukiigeuza ya 128 iwe 320 unaongeza uzito tu, sauti iliyokatwa hairudi.

3. Majina. "Track 01" haikusaidii kitu gizani. Andika msanii, wimbo, mwaka na BPM kwenye lebo za ID3, zinasafiri ndani ya faili lenyewe.

4. Orodha kwa shughuli: kuingia, chakula, keki, taarabu, rumba, Bongo Fleva. Wimbo mmoja unaweza kukaa orodha tatu na faili likabaki moja. Ila usihamishehamishe mafaili ovyo, Serato au rekordbox itakwambia wimbo haupo.

Kila Jumatatu nachukua nusu saa kunakili nyimbo mpya. Ni uvivu tu unaotuponza. Wenzangu mnafanyaje?