Nguvu za Mchukuzi Wakati wa Msimu

Wanahistoria wetu wameandika mengi juu ya masultani, magavana na vyama vya siasa. Juu ya mtu abebaye gunia wameandika machache, ingawa hakuna sultani wala gavana aliyekula, aliyevaa au aliyepigana vita bila ya mgongo wa mtu huyo. Katika kurasa hizi nataka tumtazame yeye, na hasa tumtazame wakati wa msimu: mazao yanapomiminika ghalani, meli inapotia nanga, au sikukuu inapokaribia na kila mwenye duka anataka mali yake leo. Nguvu zake hutoka wapi wakati huo? Na ni nani aliyewahi kuzitunza?

Mimi ni mwalimu, na mwalimu huanza na maneno. Neno "hamali" tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni mbebaji tu. Neno "kibarua" ni letu wenyewe, nalo lina habari ndefu zaidi. Ni barua ndogo. Katika Unguja ya karne ya 19 mtumwa aliyekodishwa kwa kazi za kutwa alipewa kijikaratasi, na sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana wake. Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria kisiwani humo, lakini neno lilibaki, na mwishowe mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake. Kisha kuna "harambee." Kabla Mzee Kenyatta hajaufanya wito wa taifa la Kenya mwaka 1963, huo ulikuwa ukelele wa wachukuzi wa pwani walipokuwa wakiinua au kuvuta kitu kizito. Watu wengi leo wakiusikia hukumbuka michango ya shule na harusi. Mchukuzi alisikia jambo jingine: kwamba pumzi za wote zishuke na kupanda pamoja, maana mzigo uliopo mbele yao haumtoshi mtu mmoja.

Wapagazi wa misafara, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwa wengi miongoni mwao, waliijua elimu ya kutunza nguvu kabla haijaandikwa kitabuni. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa kiasi cha kilo 30. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi akiwa mbele, na kwa kawaida jua lilipofika utosini watu walikuwa wamekwisha tua mizigo na kutafuta kuni. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, na tajiri aliyejaribu kukipunguza aliamka akakuta mizigo iko na watu hawapo. Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa mazuri. Njia ilikuwa na ndui, njaa na viboko, na si kila aliyebeba alibeba kwa hiari yake. Lakini mwendo wa siku, saa ya kuondoka na saa ya kutua, viliwekwa na watu walioyajua mabega kwa kuyatumia.

Mzungu aliyejipatia sifa ya kuwa mvumbuzi wa elimu hiyo ni Mmarekani, Frederick Taylor. Mwaka 1899, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania, alishughulika na vibarua waliopakia vipande vya chuma kwenye mabehewa ya treni. Kipande kimoja kilikuwa na uzito wa kilo 42 hivi. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alieleza kwamba kibarua wa kawaida alipakia tani 12 na nusu kwa siku, naye akamfundisha mtu mmoja, aliyempa jina la Schmidt, mpaka akapakia tani 47. Siri yake, alisema, ilikuwa mapumziko: mwenye kubeba mzigo mzito namna ile hana budi mikono yake iwe mitupu kwa asilimia 57 ya siku. Jambo hilo la mapumziko ni kweli, na kila mchukuzi wa Bagamoyo angemwambia bure. Ila tazama hesabu ya upande wa pili. Ujira wa Schmidt ulipanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Kazi iliongezeka karibu mara nne, na fedha hazikufika hata mara mbili. Tena watafiti wa baadaye, walipopekua kumbukumbu za kiwanda kile, walikuta kwamba bwana Taylor alikuwa ametia chumvi nyingi katika hadithi yake. Mimi nilipokuwa nikifundisha hesabu darasa la saba nilipenda kuwapa watoto tarakimu zile nne ubaoni, bila jina, na kuwauliza nani kapata nini. Hawakuhitaji kusaidiwa.

Sasa njoo, ndugu msomaji, kwenye miaka ambayo mimi siwezi kuisoma bila kuweka kitabu chini kidogo. Mwaka 1915 serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Vita ilikuwa imepamba moto, mizinga ilihitaji risasi, na wenye viwanda walikuwa wakiwafanyisha watu kazi hata Jumapili na hadi usiku mkubwa. Kamati ikagundua kwamba saa zile za nyongeza hazikuleta faida iliyotazamiwa. Mtu aliyechoka hufanya kazi polepole, huharibu vitu, huugua, na kesho yake haji. Wakashauri Jumapili irudishwe kuwa siku ya mapumziko, saa zipunguzwe, na kila kiwanda kiwe na mahali pa kupata chakula cha moto.

Dola ile ile, katika miaka ile ile, ilikuwa ikipigana na Wajerumani huku kwetu. Barabara zilikuwa chache, mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, basi risasi na unga vilibebwa vichwani na watu. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, na mwaka 1917 msako wa watu ulikuwa mkali kupita kiasi. Walipewa chakula wasichokizoea, mara nyingi hakikuiva vizuri, wakalala kwenye matope ya Rufiji. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na vichomi, si kwa risasi. Sitaki kusema kwamba hapakuwa na mtu aliyejua. Madaktari wa jeshi waliandika. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa kumlisha mfanyakazi na kumpumzisha ulikuwapo, umepigwa chapa, London, na haukupanda meli kwa wakati.

Waliobaki hai wa bandarini na maghalani walianza kujitafutia wenyewe. Vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na mgomo wao wa mwaka 1947 ulifuata reli ukaingia bara. Mombasa nako mji mzima ulisimama Januari 1947, na Unguja mwaka 1948. Vitabu husema migomo hiyo ilikuwa ya ujira na ughali wa maisha, na ni kweli. Lakini ujira ni chakula, na chakula ndizo nguvu zenyewe.

Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, likizo moja nilipata kazi ya ukarani wa mizani katika ghala la pamba, si mbali na Mwanza. Msimu ulikuwa mkubwa. Wakulima walifika na magunia kwa baiskeli, kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa vichwa, na malori ya kupeleka pamba kiwandani yalikuja saa yoyote, hata usiku wa manane. Kundi la wapakiaji liliongozwa na mzee mmoja ambaye hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu watu. Alianza kazi kabla ya jua. Saa nne uji wa mtama ulikuwa tayari kwenye pipa, na hakuna aliyeruhusiwa kuuruka, hata akisema hana njaa. Wawili waliinua, mmoja alibeba, na baada ya magunia kadhaa walibadilishana. Kijana mwenye nguvu aliyetaka kukimbia alizuiwa kwa kejeli: "Wewe, gunia la mwisho utalibeba na miguu ya nani?" Mchana wa jua kali walilala chini ya mwembe. Mgeni angedhani ni wavivu.

Basi akaja msimamizi mpya, nimsitiri jina, akataka kila mtu alipwe kwa idadi ya magunia aliyobeba. Siku tatu za kwanza daftari langu lilijaa upesi kuliko siku zote. Uji ukaachwa. Kuinuliana kukaisha, kwa kuwa anayemwinulia mwenzake anapoteza lake. Wiki ya pili mmoja aliumia kiuno, wengine wawili hawakuonekana, na milundo iliyopangwa kwa haraka ikaanguka ikabidi ipangwe upya. Hesabu ikashuka chini ya ile ya zamani. Daftari nilikuwa nalo mimi, nikampelekea msimamizi ayaone mwenyewe. Alilitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina hakika na ujumlishaji wangu. Mwezi ulipoisha uji ulirudi, ingawa hapana aliyetangaza lolote.

Nayaandika haya kwa sababu mjukuu wangu sasa anafanya kazi katika ghala moja Kariakoo, mahali penye jina la wale marehemu, ingawa wapitao pale wengi hawalijui hilo. Mwaka jana kabla ya Idi alikuja kunisalimu na macho mekundu. Walikuwa wakishusha makontena mpaka saa nane za usiku na kurudi saa kumi na mbili. Mkononi alikuwa na kopo la kinywaji cha kuchangamsha, la tatu siku hiyo. Akaniambia, "Babu, nifanye nini nisichoke?" Nilimwambia kwamba kopo lile lina kafeini na sukari, humficha mtu uchovu wake, haliuondoi. Anywe maji kabla ya kiu, ale asubuhi, atafute usingizi hata wa saa moja mchana. Lakini nilimwuliza pia: mzigo una kilo ngapi, na mko wangapi? Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mtu mzima mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Sheria zetu za vipimo zinakataza gunia la mazao kupita kilo 100, na bado lumbesa zinaingia mjini kila usiku. Mtu anayebeba lumbesa hana upungufu wa uchangamfu.

Hakulipenda jibu hilo mara moja. Vijana hutaka dawa. Baadaye alinipigia simu. Walikwenda watano kwa mwenye ghala, si mmoja mmoja, wakaomba mapumziko ya saa nne pamoja na chai, na zamu mbili badala ya moja katika wiki za sikukuu. Chai wameipata. Zamu ameahidi kuifikiria. Juu ya lumbesa alisema hilo wakazungumze na wenye mali huko mikoani. Wenyewe wamechangishana wakanunua toroli mbili, na ya pili ina gurudumu bovu wanalolitafutia fundi.